Mjumbe wa Hamasa

Katika klabu hii, jambo likiharibika halitengenezwi. Anateuliwa mtu. Nyasi za uwanja zilipokauka hakuna aliyezimwagilia maji. Aliteuliwa Mjumbe wa Bodi Anayeshughulikia Nyasi, muuza bima mmoja wa viatu vyeupe, ambaye hakuwahi kuzikanyaga nyasi hizo asije akavichafua. Vyoo vilipoziba, akateuliwa Mjumbe wa Usafi. Timu ilipofungwa mfululizo, bodi ilikaa kikao kirefu, ikanywa soda, ikateua Mjumbe wa Matokeo. Timu iliendelea kufungwa, ila sasa matokeo yalikuwa na mwenyewe.

Na katiba ya klabu, ambayo kila mtu aliiapia na hakuna aliyeisoma, ilikuwa na kifungu kinachosema mjumbe wa bodi hawezi kuwa mwanachama wa kawaida wakati huo huo. Ukiteuliwa, unarudisha kadi. Kwa hiyo kila mara bodi ilipopata mjumbe, klabu ilipoteza mwanachama. Na kila mara klabu ilipopoteza mwanachama, bodi ilishtuka, ikaitana mbio mbio, ikateua mtu wa kushughulikia tatizo la wanachama kupungua. Mtoto mdogo angeliona hilo. Lakini bodi haikuwa na mtoto mdogo, ilikuwa na Mjumbe wa Vijana, babu mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu.

Siku za mechi wajumbe walijaa jukwaa kuu, lenye paa na viti vya mito. Ng'ambo ya uwanja, upande wa jua, zilikuwepo ngazi za zege tu, na huko ndiko walikokaa wanachama, wakipungua kila msimu.

Huko ndiko alikokaa Honi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila lilitumiwa na madaktari na polisi tu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na kwa kuwa alishinda kutwa akishindana na kelele za mashine ya kukatia vyuma, alizoea kuongea kana kwamba anayeambiwa yuko mtaa wa tatu. Mkewe alikuwa akimwambia mezani, "Mume wangu, chumvi iko hapa hapa. Huna haja ya kuiita."

Kando yake alikaa baba yake. Mzee huyo alikuwa mwashi, na ngazi zile alizimwaga yeye mwenyewe na wenzake enzi za ujana wao. Macho yalimfifia polepole hadi akabaki akijua mchana na usiku tu, lakini mechi hakuacha. Alipapasa kwa fimbo mpaka kwenye ngazi yake yenye ufa, akaketi, akamshika mwanawe kiwiko, na mara filimbi ilipolia akauliza swali lile lile la siku zote: "Mpira uko wapi?"

Hapo Honi alianza.

"Uko kwa beki wetu wa kulia, baba! Anaushangaa kama mgeni wa mkewe! Haya, kampa kiungo. Kiungo kageuka... kageukia kwetu, yarabi! Wewe, goli la adui liko kule! Kapokonywa. Winga wao anachanja mbuga, beki wetu anamsindikiza. Anamsindikiza tu, baba, utadhani wanaenda harusini!"

Watu walivunjika mbavu. Wengine walihama ngazi zao wakaja kubanana karibu, maana mpira wa mdomoni mwa Honi ulikuwa mtamu kuliko ule uliokuwa uwanjani. Mzee naye alitikisa kichwa, akaguna, akapiga fimbo chini, na kwa muda ule wote hakuwa kipofu hata kidogo.

Kilichomponza Honi ni siku moja beki alipobutua mpira ukaruka mpaka jukwaa kuu. "Umetoka nje, baba," Honi alitangaza. "Umewafikia wajumbe. Wanautazama. Hawajui ni wa nini. Ngoja... nadhani wanauundia kamati." Kicheko kilichozuka kilimfikia hata mwamuzi.

Kesho yake Mwenyekiti alifika karakana. Mwenyekiti alikuwa muuza magodoro, mtu wa sauti laini, na alikuwa na tabia ya kumshika mtu bega kila anapomdanganya.

"Fundi," alisema, "klabu inakulilia. Watu wanapungua, nawe sauti yako ni hazina. Bodi imekuteua Mjumbe wa Hamasa."

Honi alizima mashine, akainua barakoa yake ya kuchomelea. Hakuwa mjinga. Alijua kabisa kwamba anavikwa kilemba cha ukoka. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera kwa miaka, nalo ni lile jua linalomchoma baba yake utosini mechi nzima, na mzee wa watu hataki mwavuli kwa sababu eti mwavuli ni wa watu waendao sokoni.

"Nitakubali kwa sharti moja," alisema. "Upande wa jua muezeke. Mabati tu. Fremu nitachomelea mwenyewe, sidai chochote."

Mwenyekiti akamshika bega. "Hilo limekwisha."

Jioni mkewe alimfunga tai mara ya kwanza, akarudi nyuma kumtazama. "Mheshimiwa," alisema, "umependeza. Unafanana na mtu anayedaiwa." Baba yake alitoa mkono wa hongera. "Na mechi?" aliuliza.

"Nitakuwepo, baba. Ng'ambo tu. Yule mama muuza maji wa pale ngazini atakaa nawe akusimulie. Ni muda mfupi, hadi bati likae."

"Sawa," alisema mzee. Alisema sawa upesi upesi, na huyo alikuwa mtu ambaye hata kuulizwa kama anataka chai hubishana kwanza. Honi aliumia, lakini alijipa moyo kwa bati.

Mechi iliyofuata, Katibu wa klabu, mama mmoja mkavu mwenye miwani shingoni, alimpokea jukwaa kuu na kumpa masharti kabla hajaketi. "Mjumbe haruki. Mjumbe hapigi mluzi. Mjumbe hapayuki. Mjumbe anapiga makofi ya staha, akiwa ameketi." Akamwonyesha: vidole vitatu juu ya kiganja, taratibu, kama anayepima joto la uji.

"Hata ikiwa goli?"

"Goli ndiyo. Kona hapana."

Kiti cha jirani alikaa kinyozi, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akiwatukania waamuzi mpaka mababu zao. Honi alimkumbuka vizuri. Walimteua Mjumbe wa Mahusiano na Waamuzi, na tangu siku hiyo hakusikika tena. Kinyozi alimwinamia akanong'ona, "Utazoea. Mwanzoni koo linawasha, linawasha mpaka machozi. Baadaye linanyamaza lenyewe."

Filimbi ikalia. Ng'ambo ya uwanja Honi alimwona baba yake akigeuza uso kwa upande wa kulia, pale ambapo yeye Honi hukaa siku zote, na midomo yake ikitikisika. Hakuhitaji kusikia. Koo lilimwasha kweli. Akauma ulimi. Timu yao ilipata kona, akakaa kimya. Ikapata goli, la kwanza tangu msimu uanze, naye akainua vidole vitatu akapiga kiganja. Kule upande wa jua wachache waliobaki walipiga yowe, na mzee akawa anageuza kichwa huku na huku, akijaribu kujua kama yowe lile lilikuwa la furaha au la msiba.

Usiku wakila, Honi alimuuliza baba yake muuza maji alisimulia vipi.

"Ana moyo mzuri yule mama," alisema mzee. "Alikuwa akiniambia, 'Sasa wanakimbia. Sasa wamesimama. Yule ana nywele nzuri.'" Akatafuna tonge lake pole pole. "Hivi, mwanangu, mwisho wake tulifunga au tulifungwa?"

Mkewe Honi alimtazama mumewe, na safari hii hakutania. Honi aliinamia sahani yake. Aliona aibu mbele ya watoto wake, mbele ya mkewe, hata mbele ya ile tai iliyokuwa inaning'inia mlangoni.

Kwenye kikao cha bodi alisimama akauliza habari za bati. Wajumbe walimsikiliza kwa umakini mkubwa, wakakubaliana kwamba suala ni zito, na wakamteua Mjumbe wa Mabati. Walimchukua fundi viatu, ambaye alikuwa akikaa ngazi moja na mzee. Akarudisha kadi, akapewa tai, akapandishwa jukwaa kuu. Hakuna bati lililonunuliwa. Wale waliokuwa wakija kwa ajili ya simulizi za Honi nao waliona hakuna tena cha kufuata, wakaacha kulipa ada, wakabaki nyumbani na redio zao.

Kikao kilichofuata, Katibu alivaa miwani. "Taarifa ya uanachama," alisema. "Mwanachama wa kawaida aliyebaki ni mmoja."

Wajumbe, waliokuwa wamekaa safu tatu kwa kuwa meza haikuwatosha, walishusha pumzi kwa pamoja. Mmoja alisema hali ni tete. Mwingine akasema ni tete ila inatia matumaini, kwa sababu haijafika sifuri. Mwenyekiti aliuliza huyo mmoja ni nani.

"Mzee kipofu wa upande wa jua. Baba wa Mjumbe wa Hamasa."

Uso wa Mwenyekiti ulichanua. "Basi tumeokoka! Tumteue Mjumbe wa Wazee. Atakuja kivulini, na suala la bati litakuwa limejimaliza lenyewe." Wakapiga makofi ya staha. Hakuna aliyeuliza klabu isiyo na mwanachama hata mmoja itakuwa klabu ya nani.

Honi naye hakuuliza. Kusema kweli, kwa dakika nzima alifurahi. Aliona baba yake kivulini, kiti cha mto, kiwiko kwa kiwiko. Alikuwa na la kusema kuhusu katiba ile, na kuhusu bodi ile, na zamani angelisema hadi mtaa wa tatu wasikie. Akasubiri koo limwashe. Halikuwasha. Hapo ndipo alipoogopa.

Siku ya mechi, kabla ya kuanza, Mwenyekiti alikata uwanja katikati na ujumbe wake: Katibu, Mjumbe wa Uanachama akiwa na mhuri wake mfukoni, na Honi nyuma yao na tai yake. Timu zilisimama zikiwangoja wapite. Upande wa jua ngazi zote zilikuwa tupu, isipokuwa ile yenye ufa, na muuza maji aliyeketi pembeni na ndoo yake.

"Shikamoo mzee wetu," alisema Mwenyekiti.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mwenyekiti. Tumekuja kukutoa juani. Bodi imekuteua Mjumbe wa Wazee. Utakaa jukwaa kuu, chini ya paa, karibu na mwanao." Akamshika bega.

Mzee alifikiri. "Kivuli ni kitu kizuri," alisema. "Na mwanangu akiwa huko, anaruhusiwa kusema?"

"Tunapiga makofi, mzee. Ya staha."

"Makofi nayasikia. Mnapiga kama mvua isiyotaka kunyesha. Nauliza habari ya kusema." Akageuza uso upande wa kulia, mahali patupu, kwa mazoea tu. "Sasa mpira nitausikia kwa nani?"

Mwenyekiti alimtazama Katibu, Katibu akatazama miwani yake. Honi alishika tai, akaivuta ikakaza badala ya kulegea, akahangaika nayo mpaka muuza maji akainuka kumsaidia. Alipoivua alimkabidhi Mwenyekiti.

"Naomba kadi yangu," alisema.

"Fundi, usiwe na haraka. Kadi ikisharudishwa hairudi. Itabidi uombe upya, kama mtu mpya."

"Basi naomba upya."

Mjumbe wa Uanachama, ambaye tangu ateuliwe hakuwahi kupokea ombi hata moja, alishikwa na kiherehere. Alitoa mhuri wake mpya, akaukagua upande upi ni wa juu. "Mwombaji sharti adhaminiwe," alisema, "na mwanachama hai mwenye tabia njema."

"Uhai ninao," alisema mzee. "Tabia, aliyeijua ni marehemu mke wangu, kwa hiyo itabidi mniamini. Namdhamini."

"Na uteuzi wako, mzee?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mpeni mwenye macho. Huko hakuna cha kusikia."

Mwamuzi alikuwa anatazama saa na kupunga mkono watu watoke uwanjani. Kadi mpya ikagongwa mhuri juu ya goti la Honi. Mwenyekiti, ambaye hakupenda kurudi mikono mitupu, alimgeukia muuza maji. "Mama, wewe nawe una sauti nzuri."

"Na maji ninayo pia," alisema muuza maji. "Mnanunua?"

Wakaondoka bila kununua. Honi akaketi kwenye zege, na zege lilikuwa la moto kama alivyolikumbuka. Ng'ambo ya uwanja kipaza sauti kilikohoa, na sauti ya Katibu ikasambaa juu ya ngazi tupu: bodi ilikuwa na furaha kutangaza kwamba, kutokana na mikakati yake madhubuti, idadi ya wanachama imeongezeka maradufu. Makofi ya staha yakafuata.

"Wanasema nini hao?" aliuliza mzee.

"Wanasema wanachama wameongezeka maradufu, baba."

"Kina nani?"

"Mimi na wewe."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, na Honi akaiokota. Kisha mzee akapapasa, akakipata kiwiko cha mwanawe, akakishika kwa nguvu kuliko siku zote. Filimbi ikalia. Honi alifungua mdomo, na koo lilikuwa linamwasha hadi machozi.

"Haya, mwanachama," alisema mzee. "Mpira uko wapi?"