Jivu la Mafiga

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kijijini Chome, milimani Upare, kutoka msitu wa Shengena, mzito na wa baridi, lakini haukuacha hata tone moja la mvua.

Eunike aliinama kuwasha moto akakuta jivu lote katikati ya mafiga limekombwa. Si yeye aliyelikomba. Alimwuliza mumewe. Elifasi, mzee wa kanisa, mtu anayesimama kusoma Neno mbele ya watu, akajitia kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

"Wametoa wote," alisema mwishowe.

Eunike alijua wametoa nini. Mwezi huo kijiji kilikuwa kimezika watu watatu, na ukuta wa ndiva, lile bwawa walilochimba mababu ili kugawa maji mashambani, ulikuwa umepasuka mara mbili. Mganga mmoja aliyeitwa kutoka mbali akasema kuna mkono wa mtu. Kila nyumba ilete konzi ya jivu kutoka katikati ya mafiga. Atakayekataa ndiye mchawi. Nyumba zikatoa, za Walutheri na za Wakatoliki, kimya kimya. Aliyekataa ni mjane mmoja wa miaka sabini, Rogathe, aliyesema jivu lake ni la kusugulia sufuria.

Elifasi alijitetea kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Eunike alikuwa na mimba ya miezi sita, na mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika.

"Nikae tu niangalie na hii ikiharibika?" aliuliza Elifasi.

Siku nyingine Eunike angemhurumia. Siku hiyo alikasirika. "Kila jioni tunapiga magoti hapa, mimi na wewe," alisema. "Tulikuwa tunaongea na nani, Elifasi?"

Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope ndani ya ndiva, na sheria yake ni ya zamani: asiyetia jembe hapewi zamu ya maji. Alichukua jembe lake akapitia kwa Rogathe. Akamkuta ameketi mlangoni, akamwamkia. Bibi akaitikia marahaba, kisha akaeleza kwamba Sifael, msimamizi wa ndiva, alipita alfajiri kumwambia asikanyage huko, kwa usalama wake. Maharage yake yalikuwa yameanza kukunja majani.

Eunike akauona mpango wote. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumfukuza bibi huyu kijijini. Wangemzuia kazini, halafu wamnyime maji kwa kuwa hakufanya kazi, na kila mtu angesema sheria ni sheria.

"Chukua jembe, mama," alisema. "Twende."

Walipofika, majembe yalinyamaza. Sifael akapanda ukingoni akawazuia kwa upole, upole uliomchoma Eunike kuliko tusi. Alisema yeye mwenyewe hana neno na bibi, ila watu wanaogopa.

"Na wewe? Juzi kwenye kwaya umeimba besi mpaka vioo vikatetemeka. Leo unaogopa kikongwe?" Eunike aliuliza.

Wachache wakacheka. Beatha, jirani yake, hakucheka. Alijifunga kanga upya, akasema taratibu, "Eunike mdogo wangu, mbili zimeshatoka. Ukisimama na huyo, hiyo ya tatu usije ukatulilia sisi."

Hofu hiyo Eunike aliijua; alikuwa amelala nayo kitanda kimoja miezi sita. Alijaribu kuomba, likaja neno moja tu: Bwana. Hakusikia jibu. Hakuna aliyemwahidi kwamba mtoto ataishi. Alichojua ni kwamba akirudi nyuma sasa, naye atakuwa amepeleka jivu lake. Na hasira aliyokuwa nayo kwa mumewe ikawageukia wote waliosimama pale, watu wanaobatiza watoto Jumapili na kuwaweka rehani kwa mganga Jumatatu.

Akashuka kwenye tope, akamshika Rogathe mkono, akamshusha. Kikongwe akainua jembe, akalipiga chini. Akalipiga tena. Sifael akamtazama Elifasi, aliyekuwa ng'ambo ya ndiva na beleshi lake, kama kumwambia amwondoe mkewe. Elifasi alitazama chini, asisogee.

"Andika jina lake, Sifael," Eunike alisema. "Ametia jembe na wote mmeona. Sasa nisikilizeni. Mtoto huyu akizaliwa, wa kwanza kumwogesha atakuwa mama Rogathe. Na nikimpoteza, huyu huyu ndiye atakayekaa nami mkekani, na sitamtaja mtu yeyote kwa kifo hicho. Naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu."