Jiwe la Kapkoi

Mvua ya Aprili iliangusha jiwe kubwa kuliko yote katika duara la mawe la Kapkoi, na kijiji kikakosa amani. Hakuna aliyejua umri wa mawe yale kumi na matatu yaliyosimama katikati ya shamba la chai la Rebeccah, lakini ndiyo yaliyofanya Kapkoi ijulikane hadi Ndanai. Hata beji ya shule ya msingi ilikuwa na mchoro wa mawe hayo.

Vijana walilivuta kwa kamba za nailoni asubuhi nzima. Kamba zikakatika. Jiwe halikutikisika.

Ogada alikuwa nje ya ua akitazama, mikono mgongoni. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akawa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai, akanunua ploti hapa, akastaafia hapa. Bado waliomwita mgeni walikuwepo.

"Hilo halitasimama kwa kuvutwa," alisema. "Linataka kuinuliwa kutoka chini, kidogo kidogo. Nipeni mtaimbo na magogo."

Kipkurui, shemeji yake Rebeccah, akamkatiza. "Pole, mzee, lakini haya mawe yana wenyewe. Mgeni hayagusi."

Ogada akageuka aende zake.

"Ngoja, Baba Christabel," Rebeccah akamwita kwa jina la mtoto wake, akijipangusa matope mikononi. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Nani aliyasimamisha haya mawe?"

"Watu wa zamani."

"Babu zetu?"

Kipkurui akasita. "Hapana. Babu zetu waliyakuta."

"Basi hata sisi tulikuja. Mfungulie geti."

Ogada akaingia. Alitia mtaimbo chini ya jiwe, akawaonyesha vijana mahali pa kukandamiza. Jiwe likapanda upana wa kidole. Wakasukuma gogo chini yake. Likapanda tena, gogo jingine. Kufikia saa tisa lilikuwa wima, na Kipkurui mwenyewe alikuwa akishindilia udongo kwa miguu, jasho likimtoka, akicheka.

Rebeccah akaleta kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Miaka yote Ogada aliyanywa maziwa hayo kwa adabu tu. Siku hiyo alimaliza vikombe viwili.

"Kesho upite kwangu," Kipkurui alimwambia. "Nguzo ya zizi imelala tangu Krismasi."

"Nitapita. Lakini mimi nitakalia kiti, wewe ndiye utashika mtaimbo."

"Sawa, mzee. Kiti kipo."