Mtani Aliyelala Mlangoni

Kuna asubuhi za Ipagala ambazo vumbi huamka kabla ya watu. Upepo wa Oktoba hutoka uwandani, hupita juu ya mabati ukinong'ona, na kule ng'ambo majengo ya chuo kikuu huonekana yakielea, hayana miguu, kana kwamba kilima kimeyaachia yaende. Stara binti Zaidi aliyatazama kila alipofagia uani. Alikuwa amechaguliwa kusomea udaktari humohumo, na siku ya kuripoti ilikuwa wiki ijayo. Mara nyingine alijikuta anatamani aamke akute majengo yote yamepeperuka, asiwe na la kumweleza mtu.

Mtaa ulikwisha kumpa cheo. Ndivyo tulivyo, hatuna subira: mtoto akichaguliwa ualimu leo, jioni hiyohiyo ni mwalimu, na akikosea hesabu ya chenji dukani anasemwa. Akina mama walimsimamisha njiani wakamwonyesha magoti yaliyovimba. Muuza genge alimweleza habari za presha yake, kirefu, huku nyanya zikipigwa jua. Stara aliwajibu wote waende zahanati, nao wakasifu kwamba ana adabu, daktari asiyejivuna.

Laiti wangejua. Mwezi wa Saba, mdogo wake Shamimu alijikata mguu kwa kipande cha bati nyuma ya nyumba. Mama yao, Nasra, alikuwa sokoni, na aliyekuwa karibu ni Stara peke yake. Kilichobaki kichwani mwake ni weupe tu. Jua jeupe, ukuta mweupe, sauti ya mtoto ikitoka mbali kama redio ya jirani, na damu. Alitaka kuita, mdomo ukakataa. Alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Kisha jirani yao Loisi akatokea mbio, akavua khanga yake ya mabegani, akaufunga mguu na kumbeba mtoto hadi zahanati. Stara alibaki kunawa mikono, na vidole vilimuuma hadi kesho yake, akadhani ni baridi ya Julai.

Shamimu alipona, akawa anatembeza kovu lake kwa wenzake kama kitu alichonunuliwa sikukuu. Stara ndiye hakupona. Tangu hapo alianza kuota mchana, macho wazi. Alikuwa katika wodi ndefu isiyo na mwisho, mapazia yanapumua kwa upepo, wagonjwa wamelala wanamtazama yeye. Anafungua mdomo awaambie neno, linatoka vumbi. Akizinduka yuko uani na ufagio mkononi, kuku wanamshangaa.

Basi alikata shauri, na hakumwambia mtu. Dua ya kumuaga ikishasomwa na wageni wakishaondoka, angemwambia baba yake kwamba haendi. Angekaa naye dukani auze vitenge. Kitenge ukikikata vibaya hakilii.

Dua ilisomwa baada ya Alasiri. Wanaume walikaa barazani na Sheikh Abdulwahab, mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Stara alifu na bee. Wanawake walijaa sebuleni, mikeka ikiwa imetandikwa hadi kwenye kizingiti. Moshi wa udi ulipanda ukajikunja juu ya vichwa. Pazia la mlango lilijaa upepo, likatulia, likajaa tena. Stara alikaa ubavuni mwa mama yake, mtandio umeshuka hadi machoni, na kisomo kile cha pamoja, kinachopanda na kushuka, kilimchukua hata akahisi mkeka wenyewe umeachana na sakafu. Ilikuwa raha. Alitamani kisomo kisiishe. Lakini sheikh aliomba mtoto huyu afunguliwe ufahamu, awe tiba kwa waja, na nyumba nzima ikaitikia amina. Kila amina ilimshukia Stara kifuani ikakaa, kwa kuwa alijua anaombewa safari asiyokwenda.

Sahani za pilau zilipoanza kupita, Loisi akaingia.

Sasa, Loisi ni Mgogo, na nyumba ya Zaidi ni ya Warangi wa Kondoa. Hao ni watani, na utani si mzaha wa kuokota barabarani, una sheria zake. Mtani akikuchokoza, ukikasirika umeshindwa, na ndugu zako wataona haya kwa niaba yako. Msibani mtani anaweza kushuka kaburini akalala, asitoke mpaka abembelezwe. Kwenye furaha anayo haki hiyohiyo, na Loisi hakuwa mtu wa kuacha haki yake ipotee. Aliweka kapu la mlenda mkavu, mboga ya kwao Wagogo, mbele ya Nasra, akarudi hadi mlangoni, akalala chali juu ya kizingiti, ulimi nje. Sahani hazikuweza kupita tena.

"Nimekufa," alitangaza. "Warangi wameniua kwa pilau lisilo na mlenda. Daktari yuko wapi?"

Watu walicheka mpaka pazia likaanguka. Stara alisukumwa mbele na mikono ya shangazi zake, akapiga magoti karibu na maiti ile iliyokuwa ikikonyeza. Loisi alimtazama kwa jicho moja, kisha akainuka, akachuchumaa, akawaambia wenyeji watulie awaonyeshe daktari wao siku alipoona damu ya mdogo wake. Akatoa macho. Akaachama. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, vidole amevikunja kwa nguvu, akaganda hivyohivyo.

Sebule ilivunjika mbavu. Stara alihisi masikio yakiungua. Siri aliyoibeba tangu Julai ilikuwa pale katikati ya mikeka, imevaa khanga ya Loisi, inachekwa. Hakukasirika, sheria anaijua. Alichoka tu, na katika uchovu ule akaona hakuna tena sababu ya kungoja wageni waondoke.

"Kweli, mtani," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ndivyo nilivyokuwa. Ndiyo maana siendi. Udaktari sisomi."

Kicheko kililipuka upya, kikubwa kuliko cha kwanza. Walidhani amejibu utani. Kutoka barazani baba yake alicheka kuliko wote, akapaza sauti kwamba asipokwenda basi pilau lirudishwe sufuriani. Maskini Stara alikuwa amelitoa neno zito kuliko yote maishani mwake, likapokelewa kama kashata.

Ni Loisi tu ambaye hakucheka. Alikuwa bado amechuchumaa, mikono iko mbele, vidole vimekunjwa. Ndipo Stara alipoviangalia vile vidole.

"Mbona umeikunja mikono hivyo?" aliuliza polepole.

"Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu." Sauti ya Loisi ilishuka, haikuwa tena ya utani. "Nilikukuta umechuchumaa, umeubana mguu wa mtoto kwa mikono miwili, pale chini ya goti. Nakuita, huitiki. Nakwambia achia nifunge, huachii. Nilikubandua kidole kimoja kimoja. Kumbe hujui?"

Stara hakujua. Aliutafuta mguu ule ndani ya weupe wake, hakuuona. Aliona jua, aliona ukuta. Kisha vikaja vitu vidogo, vya kuona haya kuvisahau: maji mekundu ndani ya beseni, kucha zisizotakata, vidole vilivyokataa kushika kijiko asubuhi yake.

"Nilikuwa naogopa," alisema.

"Uliogopa sana. Mdomo ulikuwa wazi hivi, nzi angeingia akazaa."

Shamimu, aliyekuwa amekaa chini karibu na sinia, aliona afadhali naye aseme lake. "Uliniumiza, dada," alilalamika, mashavu yamejaa wali. "Pale uliponibana paliniuma kuliko nilipokatika."

Hapo Stara alilia. Alilia mbele za watu, bila kujifunika, na shangazi zake wakanyamazishana wakidhani ni uchungu wa kuagana. Uoga wake haukuondoka. Aliuhisi uleule, mahali palepale chini ya mbavu. Ila miezi yote aliamini kwamba uoga ulikuwa umemfunga mikono, kumbe ulimfunga mdomo tu.

Loisi alikwisha kulala tena. "Nifufue basi, Mrangi. Pilau linapoa."

Stara alimshika viganja. Mwanamke yule alikuwa mzito kama gunia la karanga. Alivuta. Loisi akajitia uzito zaidi, kwa ukorofi, naye akavuta tena bila kuachia, hadi maiti ikasimama na vigelegele vikapigwa. Yale maneno aliyoyasema mlangoni hakuyarudia kwa baba yake wala kwa mtu mwingine.

Asubuhi ya kuripoti, upepo ulikuwa umelala. Majengo ya chuo yalikuwa yametulia kilimani, na ukiangalia vizuri uliona yana misingi. Mzee Zaidi alitangulia na sanduku, Nasra akifuata kwa nasaha zisizokwisha. Loisi alikuwa njiani akiwatoa mbuzi wake. Stara alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, na bila kupoteza muda akachokozwa.

"Daktari, ukiona damu huko utafanyaje?"

"Nitaogopa."

"Halafu?"

"Nitashika mpaka uje."

Mtani akikosa jibu ameshindwa. Loisi aligeuka kuwafokea mbuzi ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.