Merikebu ya Chaki

Mwalimu wa historia alikuwa na njia moja tu ya kufundisha habari za wavumbuzi wa zamani, na njia yenyewe ilianza kwa kuwatimua watoto darasani. Akishawatoa wote nje, alivua koti, akasukuma madawati mpaka yakakaa kama merikebu: membamba mbele, mapana katikati, na nyuma yamekatika kama kisigino cha kiatu. Kisha alipiga magoti akayazungushia mstari wa chaki. Akimaliza, suruali ilikuwa nyeupe magotini na mgongo ukimlilia. Hapo ndipo alipofungua mlango.

"Pandeni," alisema. "Atakayekanyaga nje ya mstari amezama."

Na watoto hao hao waliokuwa wakipiga miayo kwenye hesabu walipanda wakisukumana, kila mmoja akivuta mguu ndani kama vile sakafu ile ya saruji ingemla. Kila mtoto alileta biskuti yake, zikatiwa kwenye kopo moja, na nahodha ndiye aliyeamua zigawanywe vipi. Ukikosea kugawa, watu wako wanafika nusu ya safari na njaa. Walimu wenzake walisema ni mchezo wa kitoto. Yeye aliwajibu kwamba ndiyo maana anawafundisha watoto.

Darasa la saba mkondo wa A walimpenda. Walijua akichangamka anapandisha suruali kwa viwiko, na akikasirika anafuta ubao ambao hauna kitu. Mwaka huo, hata hivyo, alikuwa na jambo lililomnyima raha darasani, nalo lilikaa dawati la tatu karibu na dirisha. Alikuwa binti yake.

Nyumbani walimwita Kifungo. Mama yake ni fundi cherehani, na mtoto alipokuwa anatambaa alikuwa haachi kuokota vifungo sakafuni na kuvitia mdomoni, basi jina likamganda. Alipopangiwa mkondo wa A, baba yake alimkalisha chini akamwambia kanuni: getini baba anabaki nje, ndani anaingia Mwalimu. Hakuna upendeleo. Kifungo aliitika. Hakujua kwamba baba yake akiamua kutompendelea mtu anafanya kazi hiyo kwa bidii ya mchimba kisima.

Kifungo akinyoosha mkono, Mwalimu alitazama dirishani. Akinyoosha peke yake darasa zima, Mwalimu alisema, "Hakuna anayejua? Haya, tuendelee." Kifungo alibadilisha mkono wa kulia akaweka wa kushoto, akauegemeza wa kwanza kwa wa pili, akainuka nusu kwenye kiti. Wapi. Jicho la baba yake lilimpita kama lori linavyopita kituo ambacho hakina abiria.

Siku ya kuchagua nahodha ndiyo iliyoharibu kabisa. Kila mtoto aliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia ndani ya kofia ya Mwalimu. Wote walichana karatasi za daftari. Kifungo yeye alikuwa na kipande cha karatasi ya kaki mfukoni, ile mama yake anayokatia vipimo vya nguo, akaandika humo. Mwalimu alifumba macho, akakoroga, akatoa. Kaki.

Aliifungua. Alisoma jina la mwanawe, lililoandikwa kwa mwandiko ambao yeye mwenyewe alimshika mkono akamfundisha mezani nyumbani. Aliwaza wazazi watakavyosema, na walimu wenzake chumbani kwao, na vikombe vya chai vitakavyotulia akiingia.

"Huu mwandiko hausomeki," alisema. Akaikunja, akairudisha, akatoa nyingine. Nyeupe. Nahodha akawa kijana mmoja aliyeitwa Mbwembwe, ambaye papo hapo alipanda juu ya dawati na kuomba apigiwe saluti.

Kifungo alimtazama baba yake, kisha akatazama mikono yake.

Jioni yake Mwalimu alimkuta mkewe kwenye cherehani, pini zimebanwa mdomoni, anapindisha pindo la gauni la mteja. Mama Kifungo hakuwa mtu wa kuacha kazi ili aongee. Alitoa pini moja akaichomeka, kisha akasema kwa upande wa mdomo uliobaki.

"Mwanao anataka kuhamia mkondo wa B."

"B? B kuna nini?"

"Kuna mwalimu wa historia ambaye si baba yake."

Mwalimu alikaa. "Atakuwa ametania."

"Leo nilipopeleka sare nilizoshona, nilipita ofisini kwa mwalimu mkuu. Amesema nafasi ipo, na kesho kutwa atakuja mwenyewe kumchukua. Na kabla hujanifokea, Baba Kifungo, jua kwamba mtoto alilia. Yule hata alipong'olewa jino hakulia."

"Ningempa unahodha watu wangesema nampendelea."

"Watu gani?"

"Watu."

"Ndio hao hao wanaomwona amenyoosha mkono mpaka kwapa linapigwa na baridi, na baba yake anahesabu ndege dirishani?" Alikanyaga cherehani, ikanguruma, akaisimamisha. "Wewe huukimbii upendeleo. Unamkimbia mtoto. Kaa hapo ufikirie, ila usikalie kitambaa."

Alisimama, maana kweli alikuwa amekikalia. Akaenda hadi kwenye meza ambako binti yake alikuwa anafanya hesabu.

"Kifungo."

Mtoto aliinua kichwa. "Naam, Mwalimu."

Alisema kwa adabu kabisa, ndani ya nyumba yao, huku sufuria ya chakula cha jioni ikitokota jikoni. Mwalimu akamwuliza kama taa inamtosha. Alisema inamtosha.

Siku ile ya kuhama, Mwalimu aliingia darasani na mpango. Angeuliza swali rahisi, Kifungo anyooshe mkono, naye amchague mbele ya wote, kwa sauti. Basi merikebu ilipokwisha kuchorwa na wote wakapanda, akauliza. Mikono ikapanda kama mimea. Aliutafuta ule mkono mmoja, dawati la tatu, karibu na dirisha. Haukuwepo. Kifungo alikuwa ameukalia. Akauliza swali la pili, rahisi hata kwa mtu aliyelala. Mkono haukutoka. Ndipo alipojua kwamba mtoto amekwisha kuhama, kilichobaki ni kubeba mkoba.

Alifundisha, lakini moyo haukuwepo. Aliwasimulia safari ile ya kwanza ya kuizunguka dunia: merikebu tano zilizotoka na moja iliyorudi, mabaharia walivyokula ngozi kwa njaa, uasi uliozuka njiani, na nahodha aliyewaacha watu wawili kwenye ufukwe usio na mtu, akatweka tanga akaenda zake.

Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Huyu walimwita Redio, kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi, mchana limefika jikoni na kwa mlinzi wa geti.

"Mwalimu, kama nahodha hakupatikana kwa haki, mabaharia wanaruhusiwa kuuliza?"

"Kuuliza wanaweza," alisema Mwalimu, bila kuona shimo lililochimbwa mbele yake.

"Basi sisi tunauliza. Mbwembwe si nahodha wetu."

Mwalimu alimtazama Mbwembwe, akitegemea ugomvi. Mbwembwe alikuwa amejilaza juu ya kopo la biskuti kama mgonjwa.

"Hata mimi nasema hivyo hivyo," alisema. "Nimechoka. Kila mtu ananiambia biskuti yake imevunjika. Mimi ndiye nimeioka?"

"Ile karatasi ya kwanza ilikuwa ya kaki," alisema Redio. "Mimi nakaa mbele, Mwalimu, na macho ninayo. Aliyeandika kwenye kaki ni mmoja. Na wewe ulisema haisomeki, wakati huyo ndiye tunayemwomba atuandikie kadi za siku za kuzaliwa."

Kifungo alikuwa akichungulia chini ya dawati kana kwamba kuna kitu kimedondoka. Mwalimu alichukua kifutio, akafuta ubao. Haukuwa na kitu. Kicheko kidogo kikatoka nyuma, kikajizima chenyewe.

"Ilisomeka," alisema, mgongo ukiwa bado kwao. Akageuka. "Iliandikwa vizuri kuliko zote."

"Sasa kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ninyi."

Hapo walicheka kweli kweli. Mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu na sauti ya kuita watu kutoka uwanjani, anawaogopa wao! Mbwembwe alicheka hadi akaanguka nje ya mstari, wakampigia kelele kwamba amezama, akajivuta ndani akiogelea.

"Mwalimu ashushwe kisiwani!" alisema Redio. "Kama wale wawili!"

"Ashushwe! Ashushwe!"

Mwalimu hakubisha. Aliuvuka mstari wa chaki mwenyewe, akaenda kwenye pembe ya mafagio, akapindua ndoo ya kudekia, akaikalia. Magoti yalimfika kidevuni.

"Nahodha sasa!" walisema watoto, wakigeukia dirishani. "Kifungo! Njoo mbele!"

Kifungo aliinuka. Mkoba ulikuwa tayari umefungwa zipu.

"Sitaki," alisema. "Mimi nahama. Leo naenda B."

Hakuna mtoto aliyelijua hilo, hata Redio, na kwa Redio lilikuwa pigo mara mbili. Kelele zote zikakatika. Watoto walimtazama Kifungo, wakamtazama mtu aliyekaa juu ya ndoo, na taratibu kila mmoja akaelewa kwa kadiri yake.

Mwalimu alitaka kusema. Lakini aliyeshushwa kisiwani hana sauti merikebuni, na kanuni hiyo aliifundisha yeye. Basi akanyoosha mkono.

Kifungo aliuona. Aliutazama tu. Mkono wa Mwalimu ukaanza kuuma begani, akauegemeza kwa ule wa pili, na ndoo ikalia chini yake. Hakuushusha.

"Sema," alisema Kifungo.

"Kuna maswali yako niliyaruka. Mengi. Uyaulize yote, hata kama geti litafungwa tukiwa ndani."

"Yote?"

"Yote."

Mtoto aliuweka mkoba juu ya dawati, asiuachie mkanda. "Zile ngozi walizokula. Walizila kavu hivyo hivyo?"

"Waliziloweka kwenye maji ya bahari siku kadhaa, kisha wakazibanika juu ya makaa."

"Walipotoka waliambiwa safari itachukua muda gani?"

"Hakuna aliyejua. Hata aliyewaongoza hakujua bahari ile ni pana kiasi gani. Ramani zilisema ni ndogo. Zilikosea."

"Kwa hiyo waliaga vibaya."

Mwalimu hakuwahi kulifikiria hivyo. "Ndiyo," alisema. "Wengi waliaga vibaya."

Kifungo alivuta mkanda wa mkoba, akaupinda kidoleni. "Na wale wachache waliorudi. Walikaa miaka. Watoto wao waliwatambua?"

Watoto wote walimgeukia Mwalimu. Alitafuta kichwani, kwenye vitabu vyote alivyosoma, kwenye miaka yote aliyosimama mbele ya ubao akizungumza juu ya pepo na milingoti na wafalme.

"Sijui," alisema. "Nafikiri hakuna aliyeandika."

"Wakaandika mpaka habari za ngozi, hilo wakaliacha?"

"Wakaliacha."

"Ungekuwa wewe ungeandika?"

"Ningeanza na hilo."

Kengele ikalia nje, na kwa mara ya kwanza tangu shule ile ijengwe hakuna mtoto aliyekimbilia mlango. Mlango ulifunguka kutoka upande wa pili. Mwalimu mkuu akaingia, mtu mwenye mwili na haraka zake, hatua mbili ndani.

"Mwalimu mkuu, umesimama majini!" walipiga kelele. "Utazama!"

Mwalimu mkuu akarudi nyuma kabla hajajua kwa nini. Akatazama viatu vyake, akatazama chaki, akakohoa ili heshima imrudie.

"Yuko wapi anayehamia B?"

Mwalimu wa historia alishika kingo za ndoo. Yangemtosha maneno mawili tu ya kumwambia mtoto asiende, na aliyashika kwa meno. Uamuzi ulikuwa wa mwanawe.

Kifungo aliuachia mkanda wa mkoba. Akapita katikati ya madawati hadi mbele kabisa, mahali pa nahodha. Mbwembwe akampisha kwa furaha ya mtu anayetuliwa gunia, akamkabidhi kopo.

"Samahani, Mwalimu mkuu," alisema Kifungo. "Hapa hakuna bandari. Hakuna anayeshuka."

Mwalimu mkuu alitazama darasa zima, kisha jicho likamfika mwenzake kwenye pembe ya mafagio, magoti kidevuni na mikono imejaa vumbi jeupe.

"Na huyu?"

"Huyo tumemwacha kisiwani," alisema Redio.

"Mpaka lini?"

Kifungo alifungua kopo, akachungulia biskuti zilizobaki. Alichukua moja, imevunjika pembe, akaivunja katikati. Nusu moja akaitia mdomoni. Nusu ya pili akaituma nyuma, mkono kwa mkono, ikapita kwa watoto wote mpaka ikaufikia mstari wa chaki, ikavuka.

"Nahodha bado anafikiria," alisema akitafuna.

Mwalimu mkuu aliufunga mlango polepole. Na mwalimu wa historia akabaki juu ya ndoo yake, makalio yakimuuma, akila nusu biskuti kwa vipande vidogo vidogo ili isiishe upesi, huku mwanawe akilieleza darasa upande wa kuelekea. Hakuomba kuokolewa.