Plastiki Iliyolala

Mpimaji alikuwa na maradhi ya kuota macho wazi, na kazi yake iliyalea. Kutwa alikaa mbele ya vichupa vya kioo vilivyozibwa, kila kimoja na kipande cha plastiki kilichopigwa mionzi, akingoja sindano ya kipimo cha shinikizo ipande. Plastiki ya namna hiyo hutoa gesi kidogo kidogo, na gesi yenyewe hushika moto upesi.

Leo sindano zote zilikuwa zimelala fofofo.

"Hakuna gesi," bosi alisema, kachangamka. "Nimeshampigia mdogo wako alikate lile pipa."

Mdogo wake alikuwa mchomeleaji kule ghalani. Pipa hilo lilijaa plastiki kama hii, nalo lilikuwa limefungwa tangu mwaka jana.

"Sawa, mzee," mpimaji akajibu, naye bosi akaenda zake kunywa chai.

Kimya kina mshindo mkuu, lakini kina usingizi pia. Mwanga wa dirishani ulielea juu ya vioo, na mpimaji akaelea nao. Akajiona mtoto, yeye na mdogo wake wamejifunika shuka gubigubi, wanashindana nani atatangulia kutoa kichwa. Hewa ilikuwa nzito, chafu, ya kukaba koo. Shuka haikuvimba hata kidogo. Hewa waliyoitoa ilichukua nafasi ya ile waliyoivuta.

Akazinduka. Vichupa walivifunga na hewa ndani, kama walivyozoea! Plastiki ilikuwa inainywa hewa hiyo huku inatoa gesi yake. Sindano ingepanda vipi? Na lile pipa nalo limejaa gesi!

Akampigia simu mdogo wake.

"Dada! Nimelikalia pipa lenyewe, natafuta kiberiti. Nasikia plastiki yako imelala."

"Haijalala. Usiwashe kitu. Inuka polepole, utoke nje."

"Wewe na ndoto zako!" Akacheka.

"Mdogo wangu, nakuomba."

Kicheko kikakatika. Zikasikika hatua, mlango wa chuma ukalia, kisha upepo.

"Nimetoka," akasema. "Dada, ningewasha. Wallahi ningewasha."

Mpimaji akaketi sakafuni. Alilia bila kuona haya, akimsihi asikate simu. Kama hana la kusema asiseme, apumue tu amsikie.