Mikono Iliyoachwa Getini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kazini na mlinzi ananidai mkono.

"Wa kulia ingia nao," anasema Mzee Shekuwe, ambaye siku zote ni mtu wa salamu ndefu. "Wa kushoto acha hapa. Agizo la bosi."

Miguuni pake kuna kapu la ukili, na ndani yake mikono ya kushoto ya wafanyakazi wenzangu imelala kimya. Wa Kidawa nautambua kwa hina yake. Naanza kuuchomoa wangu, maana mimi ni mtu wa kufuata taratibu.

"Thubutu!" unasema mkono wangu. "Mimi ndiye ninayeandika."

Ni kweli. Mimi, Tatu Semboja, ni mashoto. Nakaa dirisha la wateja katika ofisi ya maji hapa Tanga, na haipiti siku bila mtu kuikataa risiti yangu mpaka niihamishie mkono wa kulia. Kidawa, jirani yangu dirishani, huniambia, "Shoga, huo mkono wa chooni, utatufukuzia baraka." Jioni naandika yote kwenye blogu yangu, Nakupa kwa Kushoto. Ofisini eti hakuna anayeisoma. Ila nikiandika habari za sufuria, kesho yake wote wanazungumzia sufuria.

Ijumaa Bwana Mahimbo, mkuu wetu, aliniita. "Kwa heshima na taadhima, Bi Tatu," alianza, na yeye hata akiomba kalamu huanza hivyo. Niifute blogu kabla ya Jumatatu asubuhi, la sivyo nihamie stoo nikakae na mita mbovu.

Mzee Shekuwe anauinamia mkono wangu. "Una mdomo wewe," anauambia. "Haya, piteni."

Nafungua mlango wa ofisi, naingia jikoni kwa bibi, Korogwe. Sinia la wali liko mkekani. Ile khanga aliyokuwa akinifungia mkono wakati wa kula, utoto wangu wote, imekaa kitako inakula.

"Karibu, mjukuu," inasema.

"Starehe," najibu. "Ulikuwa unanibana sana."

"Nilikuwa natumwa tu. Hebu lisome jina langu."

Sijawahi kulisoma, kwa sababu fundo lilikuwa likikaa juu yake. Limeandikwa: ULICHOKIFUNGA HAKIJAFA. Nasikia hasira kidogo, halafu moyo unanijaa. Khanga inanawa, inajifunga kilemba kichwani mwangu, tunatoka kwa mlango wa uani.

Uani ni chumba cha mikutano. Blogu yangu yote imeandikwa ukutani kwa chaki, na Bwana Mahimbo ameshika kifutio.

"Kwa heshima na taadhima," anasema, "nafuta."

Anafuta habari ya mteja aliyeipangusa risiti yangu kwa leso kabla ya kuipokea. Hapo hapo Kidawa anafungua kinywa na habari ile inamtoka nzima, neno kwa neno. Bosi anafuta nyingine, inamtoka mhasibu. Watu wanajiziba midomo kwa mkono mmoja waliobaki nao, lakini hautoshi.

"Nani amesoma haya? Anyooshe mkono!"

Hakuna hata mmoja unaonyooka, na hawadanganyi. Mikono ya kulia haijasoma kitu. Saa ya chai, hiyo ya kulia hushika chapati, kwa kuwa hakuna mwenye adabu anayekula kwa kushoto. Simu hushikwa na wa kushoto.

Mlango unagongwa. Kapu limejileta lenyewe. Mikono inamwagika sakafuni, inatambaa, inapanda mezani na kunyooka, wenye hina ukiwa mbele.

"Nimesoma zote," unasema, "ile ya harusini mara mbili. Kidawa alicheka hadi chai ikamtoka puani."

"Mwongo huyo," anasema Kidawa, anatazama chini.

Wa mwisho kupanda ni mkono mnene wenye saa ya dhahabu. Kila mtu anajua ni wa nani. Unasimama mbele yangu.

"Kwa heshima na taadhima," unasema, "naomba chaki. Nilikuwa na mwandiko mzuri kabla sijafungwa."

Bwana Mahimbo anaweka kifutio chini. Anautazama mkono ule kama mtu aliyekutana na ndugu aliyeambiwa alishakufa. Wangu unaupa chaki, kushoto kwa kushoto, na hakuna anayeipangusa. Maishani mwangu sijawahi kukionea fahari kiungo changu kama wakati ule.

Nikaamka. Jumatatu ilikuwa imeshapambazuka. Simu ilikuwa bado mkononi, kwenye ukurasa unaouliza kama kweli nataka kuifuta blogu yote. Jana nilipitiwa na usingizi kabla sijajibu.

Juu ya swali lile kulikuwa na taarifa ya maoni mapya. Yalikuwa yameandikwa alfajiri, bila jina:

"Kwa heshima na taadhima, usifute. Mimi nilifungwa kwa kamba ya katani."

Niliyasoma mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikabonyeza Hapana, kwa kidole gumba cha kushoto.