Daktari Aliyesoma Kabla ya Kukata

Watu walimwita Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi cherehani, miaka thelathini na mbili kazini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumkatia mtu nguo kwa kufuata karatasi. Mteja akiingia, Jicho alimtazama toka mabegani hadi visigino, akamzungusha mara moja, akampima kiuno kwa heshima tu, kisha akashika mkasi. Mafundi waliotandika karatasi juu ya kitambaa na kuchorachora kwa chaki aliwaita wanafunzi, hata wale waliomzidi umri.

"Kazi ikishakaa kichwani, karatasi ya nini?" alizoea kusema.

Mkewe, aliyeshona vifungo na kupiga pasi katika duka hilohilo, alikuwa na jibu lake. "Kamuulize yule bwana harusi uliyemkatia mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake."

"Alisimama vibaya."

"Alisimama vibaya mpaka siku ya harusi?"

Basi mkono ukaja kumsaliti yeye mwenyewe. Kila asubuhi kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia viliamka vimekufa ganzi, akavikung'uta hadi vikapata uhai. Baadaye vikawa haviamki vizuri. Sindano ikawa inamponyoka. Siku mkasi ulipomteleza ukachana paja zima la suruali ya mteja, mkewe hakumtania. Alifunga duka, akamshika mkono huohuo mgonjwa, wakaenda hospitali.

Daktari wa mikono alikuwa mama mfupi mwenye miwani, rika la mdogo wake Jicho wa mwisho. Alimbonyeza kifundo cha mkono, akaeleza bila maneno makubwa. Hapo kwenye kifundo kuna utepe mgumu, kama mkanda wa suruali, na chini ya utepe unapita mshipa wa fahamu. Utepe umekaza, mshipa unabanwa. Atakata utepe, mshipa upumue. Ni kazi ya dakika ishirini.

"Na gumba langu?"

"Ndilo tunaloliokoa, Fundi."

Kidole kimoja hakivunji chawa, na bila gumba hata vinne vilivyobaki havishiki mkasi. Jicho hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi ya upasuaji alikuwa akitafuta choo alipopita kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Akachungulia; mazoea ya miaka mingi ya kuchungulia watu wakijaribu nguo hayamtoki mtu. Daktari alikuwa ameketi mezani, mbele yake kitabu kipana kama sinia, na kwenye ukurasa mkono wa mtu uliovuliwa ngozi, wenye mistari myekundu, ya bluu na ya njano. Alikuwa akiifuata ile mistari kwa ncha ya kidole, polepole, huku midomo ikichezacheza.

Jicho aligeuka na kurudi mbio ukumbini. Choo kikamtoka akilini.

"Vaa viatu," alimwambia mkewe, aliyekuwa amevivua na kunyoosha miguu kwenye benchi la ukumbini. "Tunaondoka. Yule daktari kazi haijui. Nimemfuma anasoma."

"Kusoma ni kosa?"

"Anasoma picha! Mkono ndio anajifunza sasa hivi, na saa nzima haijabaki aukate! Hebu niambie, suti yako ungempa fundi anayesoma namna ya kukata?"

Mkewe alifikiri. "Ningempa huyo kabla sijakupa wewe."

Sauti ya Jicho haikuumbwa kwa ajili ya kunong'ona. Daktari alikwisha kutoka, amesimama mlangoni, na hakuonekana kukasirika. Alirudi ndani, akaleta kile kitabu, akampakatisha Jicho. Kilikuwa kizito kweli.

"Atlasi ya mwili wa mwanadamu," alisema, akaketi kando yake. "Nina miaka kumi na tisa nikipasua mikono. Sipasui kabla sijaifungua."

"Kwani hujakariri?"

"Nimekariri, Fundi. Hapo ndipo penye hatari."

Jicho alitaka kujibu, lakini macho yalikwisha kuangukia ukurasani, na kazi nzuri ilikuwa na nguvu juu yake hata akiwa na hasira. Aliyechora hakuwa na haraka. Kila msuli ulikuwa na nyuzi zake, zimelala upande mmoja kama nyuzi za kitambaa, na mahali nyuzi zilipogeuka mchoraji naye aligeuka nazo, hakudanganya hata kidogo. Mshipa wa fahamu, wa njano, uliingia chini ya utepe na kutokea upande wa pili, ukagawanyika kwenda vidoleni. Kijitawi kimoja kikakunja kurudi nyuma na kuzama kwenye nyama ya gumba. Jicho alikiwekea kidole chake chenye ganzi. Miaka thelathini na mbili alikuwa amewavika watu, na hakuwahi kujua wamevaa nini kwa ndani. Akaona haya, na papo hapo akaona raha, asijue ipi ilitangulia.

Kisha akaona maandishi ya penseli. Pembeni pote palijaa vijichoro vidogo vya kijitawi kilekile, kila kimoja kimepita njia yake. *Dereva, kushoto. Mpishi, kulia. Mwalimu, mikono yote.*

"Hawa ni nani?"

"Watu niliowapasua. Mchoro mkubwa unanionyesha watu wengi walivyo. Hawa wa pembeni wananikumbusha kwamba si wote. Kwa wengi, hiki kijitawi hutokea mbele ya utepe, hakina shida. Kwa wengine hupenya katikati ya utepe wenyewe, hapohapo kisu kinapopita. Mkono kwa nje haukwambii."

"Na kikikatika?"

"Gumba linalala. Haliji tena kukutana na vidole vingine."

Jicho alifunga kitabu taratibu, kwa mikono miwili. Alimtazama mkewe, ambaye viatu hata hakuvigusa. "Umeng'ang'ania nini hapo?" alimwambia. "Ninasubiriwa."

Walimchoma sindano ya ganzi mkononi, wakatundika pazia la kijani kati ya uso wake na mkono wake. Alikuwa macho. Nesi alisimama karibu na atlasi iliyowekwa kwenye kijimeza cha chuma, kwa kuwa daktari akishavaa glovu hagusi karatasi. Mwanzoni wanawake wale walizungumza habari za paa la nyumba ya nesi linalovuja. Vyombo viligongana kidogo. Ghafla habari za paa zikakatika.

"Sogeza kitabu," daktari alisema. "Fungua unaofuata. Hapo."

Jicho alisikia ukurasa ukifunuliwa. Asubuhi ileile, kabla hajakipakata kile kitabu, angeruka kitandani na kukimbia na pazia lao. Sasa alijikuta akiomba kimoyomoyo jambo ambalo hakuwahi kuliomba katika kazi yake: mtu huyu asiharakishe.

"Usiwe na haraka, Daktari," alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Sina, Fundi."

Dakika ishirini ziliisha, zikaja nyingine, na nyingine tena. Mkewe alipomwona akitolewa baada ya saa nzima alikuwa amezunguka ule ukumbi mpaka walinzi wakamzoea.

Alasiri, ganzi ilipokwisha, daktari alikuja kitandani na kumwambia apeleke gumba kwenye kidole cha mwisho. Jicho alilitazama gumba lake. Likatikisika. Likaanza safari, likavuka kiganja chote kwa kujikokota, likafika, likagusa. Mkewe alicheka, kisha akageukia ukutani akajifuta macho kwa ukingo wa nguo.

Daktari alichukua karatasi, akamchorea alichokikuta. Kijitawi kilikuwa kimejificha ndani ya utepe, chembamba kuliko uzi wa vifungo, rangi moja na utepe wenyewe. Hakikuwa cha njano hata kidogo. Alikuwa amekizunguka pande zote kwa ncha ya kisu, uzi kwa uzi, kabla ya kuukata mkanda.

Jicho aliufuata mchoro kwa kidole cha mkono wa kushoto. Alikuwa na mambo mengi ya kusema kumsifu huyu mama mfupi. Lililotoka ni lile la kweli, mbele ya mkewe.

"Ningekuwa mimi, ningekikata."

Alidhani daktari atacheka. Daktari aliweka penseli chini.

"Mimi nilikikata," alisema. "Mwaka wangu wa tatu. Kilikuwa cha mwashi, mwenye watoto wanne, na kitabu nilikiacha nyumbani."

Jicho aliunyanyua mkono wake wenye bandeji, uliokuwa bado unauma, akaushika wa daktari kwa vidole vyote vitano, gumba likiwemo, na hakuuachia upesi.